Mkamwana Asiyekoholewa

"Amenitazama tena," Juliana alisema. "Leo asubuhi pale bombani. Kanikazia macho usoni, kaniuliza habari za Iringa."

Philbert alikuwa amepiga magoti mchangani akiupaka nta ubao wa mawimbi. Mkono ukasimama. Kichwa hakukiinua.

"Akasemaje?"

"Si nimeshakwambia? 'Habari za Iringa, mgeni?' Mgeni, Philbert! Halafu akapita zake kama aliyempita mbuzi wa jirani."

Msichana mwingine angefurahi kusalimiwa na baba wa mchumba wake. Lakini pale Matema, kwenye ncha ya Ziwa Nyasa, nyumbani kwa Mzee Sedekia, mambo yalikuwa kinyume. Mzee yule alikuwa Mnyakyusa wa kizamani hasa, na kwa Mnyakyusa wa kizamani baba mkwe na mkamwana hawaonani. Hawatazamani, hawasalimiani, hawapishani njiani. Mzee akikaribia mahali alipo mke wa mwanawe hukohoa kwa nguvu, ili binti apate nafasi ya kujificha nyuma ya mlango au kuchutama na kujifunika kanga mpaka mkwewe apite. Ndiyo heshima yenyewe, na ndiyo mapenzi yenyewe. Happy, mke wa kaka yake Philbert, alikuwa akikoholewa kutwa nzima, hadi akawa analalamika huku anacheka kwamba maharage yake yataungua kwa sababu ya kifua cha mzee.

Juliana hakuwahi kukoholewa hata mara moja. Mzee Sedekia alimjia waziwazi, akamtazama waziwazi, akamwita mgeni. Na kila alipomtazama alikuwa anasema neno moja tu, bila kufungua kinywa: wewe si mke wa mwanangu, wala hutakuwa.

Kosa lilikuwa la Juliana mwenyewe, kama kufanya adabu ni kosa. Kwao Nyololo, kwenye baridi ya Mufindi, binti aliyelelewa akaleleka humpigia mzee magoti, humshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwamkia. Siku Philbert alipomleta nyumbani mara ya kwanza, Juliana alitaka waone kwamba hakuokotwa barabarani. Alipomwona mzee anatokeza mlangoni, akamkimbilia. Akapiga magoti miguuni pake. Akamshika mkono, akamwinulia uso wenye tabasamu pana, akamwamkia kwa salamu ya kwao, "Kamwene, baba!"

Mama Esnath, mama yake Philbert, aliangusha ungo na mchele wote ukamwagika. Mzee Sedekia aliunyakua mkono wake kama ulioshika sufuria ya moto, akatoka kwake, akaenda kulala kwa ndugu yake. Asubuhi akatuma neno: msichana yule hana adabu, na mshenga asikanyage kwao.

"Na wewe ulisahau kunionya," Juliana alisema sasa.

"Nimekiri mara ngapi, Juli? Nilikaa pwani muda mrefu, kwenye mahoteli yale. Mambo mengine yalinitoka kichwani."

"Lakini mbao zako hazikukutoka kichwani. Hizo ulikumbuka kurudi nazo."

Philbert akamtazama. Yale macho ndiyo yaliyomponza Juliana tangu mwanzo, macho ya mtu anayecheka na kuomba msamaha kwa wakati mmoja. Alikuwa amekuja Matema kutembea tu, na wenzake wa kazini kule Uyole anakofanya kazi ya mbegu za viazi, akamkuta kijana huyu amesimama juu ya maji. Amesimama, tena bila wasiwasi, kama mtu aliyesimama sebuleni kwake. Juliana hakulala usiku ule.

"Mama amepiga simu," alisema polepole.

"Anasemaje?"

"Mshenga wa Liberatus yuko sebuleni kwetu anakunywa chai."

"Liberatus yupi?"

"Mwalimu. Yule wa kwaya. Baba amesema amengoja Wanyakyusa mpaka amechoka. Kama mtu wenu hajabisha hodi mpaka kesho jioni, anampokea Liberatus. Na mimi nitakuwepo hapo hapo, kesho napanda basi asubuhi."

Nta ikamdondoka Philbert mkononi.

"Unamtaka?"

"Philbert! Hilo ndilo swali la kuniuliza?"

"Basi usiende."

"Nisiende nikae wapi? Nikae kama nani? Nenda kamwambie baba yako. Leo. Sasa hivi!"

"Nimemwambia, Juli. Nimemlilia kama mtoto. Ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananiuliza kama nyavu zimekauka."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

"Utakwendaje? Ukisimama mbele yake tu, ndiyo umemaliza. Atasema, mnaona? Hana adabu, si niliwaambia?"

Hapo Juliana akaketi mchangani. Kweli tupu. Mtu mmoja tu chini ya jua ndiye aliyeshika maisha yake, na mtu huyo ndiye pekee asiyeruhusiwa kumsogelea. Akimwendea, amekosa. Akijificha, anajificha kwa cheo gani? Alikwisha jaribu. Juma moja lililopita alimwona anakuja, akachutama haraka nyuma ya mikakao, akajifunika kanga gubigubi. Mzee aliiacha njia yake makusudi, akauzunguka mkakao, akainama. "Mgeni," alimwuliza kwa upole uliochoma kuliko matusi, "umepoteza kitu?"

"Mimi nakupenda," Philbert alisema. Akamshika vidole, na vidole vyake vilikuwa vinanata nta. "Unajua kwamba nakupenda."

"Najua. Ndiyo maana inauma." Juliana akavivuta vidole vyake. "Wewe ni mwanaume wa majini tu. Nchi kavu huna miguu."

Neno lile lilimwingia Philbert. Alifumba macho, akayafumbua, na Juliana akaona yamelowa. Akataka kulimeza neno lake. Lakini alikuwa na uchungu, na mwenye uchungu haombi radhi papo hapo. Akauchukua ubao, akaukumbatia ubavuni, akaanza kuelekea majini.

"Juli! Upepo wa mwera umeshika. Hebu yaone mawimbi yale! Si ya mwanafunzi hayo."

"Kesho naondoka na sijawahi kusimama. Niache nisimame hata mara moja kabla hujanipoteza."

"Utaanguka!"

"Nimekwisha anguka, Philbert. Tangu siku ile nimeanguka, hujaona tu."

Ubao wa pili ulikuwa nyumbani, una ufa. Philbert akasimama kidogo, hajui la kufanya, kisha akageuka na kutimua mbio kuufuata.

Msimu mzima Juliana alikuwa amejifunza. Mtoto wa Mufindi huyu, aliyekua anaogopa hata kijito cha nyuma ya shule, alianza kwa kulala kifudifudi kwenye ubao juu ya mchanga mkavu na kuruka kusimama, mara kwa mara, mpaka magoti yakachubuka. Wanawake waliokuja kuosha vyombo walivunjika mbavu. "Njooni mwone! Mhehe anaoga na mlango!" Naye alicheka nao, akarudia. Baadaye akaingia majini. Akajifunza kunywa maji na kuyatema, kulipita wimbi kwa kulibenua, kupiga makasia kwa mikono hadi mabega yawake moto. Akajifunza kupiga magoti juu ya ubao. Kila Jumamosi aliporudi kutoka Uyole alikuwa mtu mwingine kidogo. Hata ofisini walimwuliza mbona siku hizi anajibu.

Kusimama ndiko kulikomshinda. Aliinuka, akayumba, akazama. "Unatazama miguu," Philbert alimwambia kila mara. "Tazama unakokwenda, Juli. Inua macho." Rahisi kusema. Lakini binti aliyeambiwa tangu utotoni ainamishe macho, na akaja kuambiwa na ukweni kwamba aliyainua mno, atayainuaje tena?

Maji yalikuwa ya baridi na yamekasirika. Upepo wa kusini ulikuwa umetembea ziwa zima bila kuzuiwa na kitu, na sasa ulikuwa unayatupa mawimbi Matema moja baada ya jingine. Juliana alilivuka la kwanza. Akalivuka la pili. La tatu lilimbeba yeye na ubao wake likawageuza juu chini. Akasikia kamba iliyofunga ubao mguuni inafunguka. Alipoibuka, ubao ulikuwa umekwenda.

Akajaribu kuogelea. Wimbi likampiga. Akajaribu tena, msuli wa mguu ukakaza na kugoma. Ufukwe aliuona, na milima ya Livingstone juu yake, karibu tu, kama kitu unachoweza kukishika, na kila alipopiga mkono ulikuwa palepale. Akapiga kelele. Upepo ukazichukua kelele zake ukaenda nazo kwingine. Hakuna aliyesikia. Hapo ndipo Juliana alipojua maana ya kutokuwa na la kufanya. Aliyokuwa akiyaita hivyo nchi kavu yalikuwa mazoezi.

Ndipo akauona mtumbwi.

Ulikuwa unarudi kutoka kwenye nyavu, mtu mmoja ndani yake, mgongo umepinda, kofia ya sufu kichwani. Akaijua ile kofia. Mzee Sedekia alikuwa ameacha kupiga kafi na anamtazama, kama alivyomtazama asubuhi bombani.

Mtu anayezama hupiga yowe akiona mtumbwi. Hufanya hivyo hata kama mwenye mtumbwi ni adui yake. Juliana alifungua kinywa aite, "Baba!" na neno likafika kwenye ulimi. Halafu akakumbuka magoti yake miguuni pa mzee, na mchele uliomwagika. Sitamwaibisha tena, aliwaza, na wazo hilo lilimjia kwa utulivu wa ajabu. Kama ni kufa, nife na adabu zangu. Akajigeuza ndani ya maji kwa nguvu alizobakiwa nazo. Akampa mzee kisogo, akaufunika uso wake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akawa anapambana na ziwa.

Maji yakamwingia puani. Akazama, akaibuka. Akasubiri kusikia kafi. Hakusikia kitu. Akashindwa kujizuia, akachungulia kati ya vidole.

Mzee Sedekia alikuwa amejigeuza juu ya kibao alichokalia. Alikuwa amempa mgongo.

Ameniacha, Juliana aliwaza. Moyo ukamfa kabla ya mwili. Hata kunitazama hataki tena.

Lakini mgongo ule ulikuwa unakaribia. Mtumbwi ulikuwa unakuja kinyumenyume, taratibu, ukipanda na kushuka, na mzee akiupiga kafi bila kugeuza shingo. Ulipokuwa karibu kabisa akalichomoa kafi majini, akalipitisha juu ya bega lake, upande wake mpana ukaelekea nyuma. Likabaki linaning'inia pale hewani, linadondoka maji.

"Ewe ziwa," Mzee Sedekia alisema kwa sauti kubwa, akiiambia milima iliyokuwa mbele yake, "kama kuna mtu huko nyuma yangu, mwambie ashike kafi. Asishike mtumbwi, utapinduka."

Juliana akashika kafi. Alilishika kama mtoto anavyoshika titi.

"Ewe ziwa, mwambie apumue."

Akapumua. Akakohoa maji, akalia, akapumua. Mzee hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imekakamaa kwa juhudi ya kutogeuka, na masikio chini ya kofia yalikuwa yanatetemeka kwa baridi.

"Kuna mlango wa mtu umegonga mtumbwi wangu," mzee aliendelea, kwa sauti ya mtu anayelalamikia wenye mali zao. "Uko hapa ubavuni. Mwenye mlango auchukue, mimi sina nyumba ya kuuweka."

Akausukuma ubao kwa mguu ukaenda nyuma. Juliana akaudaka, akajivuta juu yake, akalala kifudifudi anatweta. Mguu ulikuwa umeanza kulegea.

"Siwezi," alisema kwa sauti ndogo. Hakuwa anamwambia mzee, Mungu ndiye shahidi. Yeye naye alikuwa analiambia ziwa. "Nimechoka. Sijawahi kusimama."

Mzee akalitazama ziwa mbele yake, akatema mate pembeni.

"Ewe ziwa, msimu mzima kuna mtu anaanguka hapa mbele ya nyavu zangu. Anaanguka, anainuka. Samaki wote wamekimbia. Mwambie, kosa lake ni kutazama miguu. Miguu ni yake, haitakwenda kwa mtu mwingine." Akasikiliza nyuma yake. "Linakuja. Mwambie aanze kupiga mikono."

Juliana akaanza kupiga mikono. Wimbi likauinua ubao kwa nyuma, likauinua mtumbwi pia, na kwa nukta moja wote wawili walikuwa juu, mzee na binti, kila mmoja anatazama kwake. Kisha ubao ukaanza kushuka. Juliana akasukuma mikono, akavuta magoti, akaweka mguu, akaweka wa pili. Macho yakataka kwenda chini. Akayakataza. Akayainua, akautazama ufukwe, miembe ya misheni, na mtu mmoja anayekimbia majini na ubao wenye ufa. Akamtazama huyo huyo.

Na akasimama.

Hakuzama. Alisubiri kuzama na hakuzama. Upepo ulikuwa mgongoni, maji yananguruma chini yake, naye alikuwa amesimama katikati ya kelele zote hizo kama mtu aliyesimama sebuleni kwake. Akasikia anacheka. Akasikia analia. Wanawake wa vyombo wakaacha sufuria zao zikachukuliwa na maji. "Mhehe kasimama!" walipiga vigelegele. "Jamani, Mhehe kasimama na mlango wake!"

Philbert alimpokea maji yakiwa kiunoni. Alimkumbatia mbele za watu bila kujali mtu.

"Nilidhani nimekukosa. Juli, nilidhani nimekukosa."

"Nisamehe lile neno langu."

"Neno gani? Mimi sikumbuki neno lolote. Nani alikutoa kule?"

Juliana akageuka kutazama. Mtumbwi ulikuwa unakwenda kutua mbali, kule kwenye mawe, mgongo ule uliopinda umeelekea pwani.

"Sijui," alisema. Na kweli hakujua aseme nini. "Hakuniona. Alinipa mgongo muda wote."

Philbert akamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Lakini kabla hajasema kitu, Mama Esnath alikuwa amefika na kanga kavu anahema, anamgombeza mwanawe, analigombeza ziwa, anamfunika Juliana kuanzia kichwani.

"Twende nyumbani, mwanangu, ukaote moto. Wewe Philbert baki huko na mbao zako! Mtaniua kwa presha."

Wakashika njia ya kwenye mikakao, wanawake wawili. Meno ya Juliana yalikuwa yanagongana. Furaha ya kusimama ilikuwa imeanza kumtoka kama joto linavyomtoka mtu, na nyuma yake lilibaki lilelile. Kesho ni basi. Kesho ni sebule ya kwao na mshenga anayekunywa chai. Amesimama, ndiyo. Amesimama kwenye maji. Nchi kavu hakuna aliyemwombea wala aliyemsemea, na yeye mwenyewe kinywa chake kimefungwa.

Mbele yao, pale njia inapokata kona, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikubwa, kikavu, cha mtu asiyeumwa kifua. Juliana alikijua. Alikuwa amekisikia msimu mzima kikielekezwa jikoni kwa mwingine. Akasogea pembeni kumpisha mwenye haki yake.

"Mama," alinong'ona, "Happy yuko wapi? Mzee anamkoholea."

Mama Esnath alikuwa amesimama kama mti. Mikono yake ilikuwa imeshika mashavu.

"Happy?" alisema. "Happy yuko Ipinda sokoni tangu asubuhi."

Mtu akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, kama anayeanza kukasirishwa na watu wasioelewa.

"Gwe!" Mama Esnath akamsukuma kwa mikono yote miwili, machozi yanamchuruzika. "Unangoja nini? Jifiche! Baba mkwe wako anapita!"

Juliana akachutama nyuma ya mkakao. Akaivuta kanga mpaka kidevuni, akainamisha uso kwenye magoti. Nyayo zikaja. Safari hii hazikuiacha njia. Chini ya pindo la kanga aliona miguu miwili ya mzee, mikavu, ina mchanga, maji bado yanaichuruzika. Ikapita upande wa pili wa majani, ikasimama mbele ya mkewe.

"Mama Philbert," Mzee Sedekia alisema, "yule mshenga wetu atafutwe sasa hivi, aondoke na gari la jioni. Na mwambie avae koti. Nyololo kuna baridi."

"Ndaga, mume wangu," Mama Esnath alisema. "Ndaga fijo, asante sana."

Nyayo zikaendelea. Juliana alitaka kuinuka. Alitaka kumkimbilia, ampigie magoti, amshike ule mkono uliopitisha kafi nyuma ya bega, amwinulie uso na kumwambia asante, baba. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote, na alijua kwamba hatalifanya leo wala kesho, wala siku yoyote yeye na mzee wakiwa hai. Akaing'ata kanga, akabaki pale chini amejifunika, akisikiliza baba mkwe wake anavyokwenda zake na kukohoa njia nzima, ingawa hapakuwa na mtu mwingine wa kumpisha.